Redio Iliyosikia Tu

Furaha mjukuu wangu,

Baridi ya huko iko namna gani? Huku Durban tuko wazima. Mama yako bado anasuka watu nywele kule mtaa wa Isipingo.

Unauliza kwa nini sitaki kutupa ile redio yangu bubu. Zamani ilikuwa inanasa maongezi ya simu za watu, zile simu za zamani. Nilipotoka kwetu na kufika Clairwood, mtaa wa hapa Durban, sikuwa na mtu. Jioni moja, kati ya makelele ya madereva wa malori, ikanasa mama mmoja akipigia ndugu zake kwa Kiswahili cha kwetu: "Jambo yenu! Muko wazima?"

Nikasimama, nikaitikia: "Tuko wazima, mama!"

Redio ile inasikia tu, haipeleki sauti. Lakini nilimwitikia kila jioni, mpaka simu za kisasa zikaja, redio ikashindwa kuzinasa, yule mama akapotea.

Ukinipigia, usikimbilie habari. Nisalimie kwanza. Nataka kuitikia mtu anayenisikia.

Koko wako