Usinijibu "Mzuri", Niambie Kidonda

Kitale,
Jumanne jioni.

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umepumzika, si umeinama shambani. Mimi ni mzima, ila kazi ni nyingi na matope ya Kitale yamenimalizia viatu. Najua utacheka kwamba nakuandikia na simu ninayo. Lakini kwenye simu nikiuliza kidonda chako unasema, "Mzuri, Mungu ni mwema," na mara tumeshafika kwa ng'ombe. Karatasi huwezi kuikatiza. Tangu upasuliwe ile ngiri huko Bungoma sina amani, na nitakueleza kwa nini.

Siku hizi kazi yangu wodini ni kuwapigia simu wagonjwa waliopasuliwa wakarudi nyumbani. Nauliza wanaendeleaje, naandika, na mwisho wa mwezi tunatoa ripoti ya vidonda vilivyoingia usaha, ili tujue tunakosea wapi. Ripoti yetu ilikuwa safi mno! Kila mtu mzuri. Tulijipongeza hadi tukanunuliana soda.

Kisha Mzee Wafula, mkulima wa Naitiri tuliyempasua tumbo, akarudi amejikunja, shati limelowa usaha. Nami nilikuwa nimempigia jana yake tu.

"Mzee, si uliniambia uko mzuri?"

"Sasa sista, si uliniuliza habari? Habari ni mzuri. Ati nianze kukulilia kwa simu na hata hatujamaliza salamu? Hiyo si adabu, bana."

Wodi nzima ilicheka, na yeye akacheka huku ameshika tumbo. Alitibiwa, akapona. Lakini mimi sikuweza kumlaumu, kwa maana ndivyo tulivyolelewa. Kwetu hata mwenye msiba hujibu salamu vizuri kwanza.

Tukabadilisha maswali. Sasa nauliza: nguo inashika kwenye kidonda? Kuna kitu kinatoka? Unahisi baridi hata ukijifunika? Mama, watu walifunguka! Ripoti ikawa mbaya hata matroni akaogopa kuituma. Daktari wetu, yule asiyejua kunong'ona, akasema, "Tuma hivyo hivyo. Hatujaharibika leo, ni macho tumefungua." Tulipofuatilia, tuligundua wengi walikuwa wamenyolewa kwa wembe kabla ya kupasuliwa, na uchafu ulikuwa unaingilia kwenye vile vikwaruzo. Wembe tumeuacha, na vidonda vinapona vizuri kuliko zamani. Nafurahi sana, na naringa kidogo.

Sasa ni zamu yako. Dada yangu Nekesa ameniambia unalalia ubavu mmoja, na ile leso ya tumboni unaifua mwenyewe, hutaki mtu aiguse. Usimgombeze. Nilimuuliza maswali ya kazini, na hakuwa na pa kujificha. Mficha uchi hazai, na wewe umetuzaa sita, kwa hivyo usianze kuficha leo. Naogopa, Mama. Huenda si kitu, lakini kidonda kilichoshika usaha hakingoji mahindi yavunwe. Na ukiwaambia ukweli pale walipokupasua, hutawaaibisha. Utawasaidia, wao na mgonjwa atakayelala kitanda kile baada yako.

Nisalimie Baba, na umwambie nimepata dawa ya ng'ombe aliyoniagiza. Msalimie pia senge, dada yake Baba, asiyeacha kuniuliza nitaolewa lini. Mwambie daktari asiyejua kunong'ona tayari ana mke. Jumamosi nina ruhusa, nitakuja.

Barua hii ameileta mjomba, ndugu yako, na najua sasa hivi amesimama mlangoni na pikapu yake inanguruma uani. Ameikataa chai yako, hajaketi, wala hajakuuliza habari. Usimkasirikie, adabu hajapoteza. Nimemwapisha. Chukua leso safi, panda gari, mwende hospitali wakione hicho kidonda. Mkirudi, salimianeni hadi jogoo awike.

Ni mimi binti yako, nikupendaye na nisiyekuamini hata kidogo,

Naliaka