Pumzi ya Mwikali

Kangundo

Mutua, mjukuu wangu, mume wangu mdogo uliyepewa jina la babu yako,

Nakusalimu sana. Huku mvua imetuonea huruma, na mguu wa mama yako umepona.

Uliniuliza kwenye simu, kwa vile siku hizi unauza redio na spika za bei kali huko ng'ambo, kama nami nimewahi kusikia chombo kizuri kweli. Nimesikia kimoja tu.

Dada yangu Mwikali ndiye alikuwa akituanzishia nyimbo kwenye kwaya ya kanisa. Hatukuwa na mtu wa kupunga mikono mbele. Mwikali alikuwa anavuta pumzi, nasi tunaingia pamoja. Tulirekodi kaseti moja, halafu akaugua, akatuacha.

Kwenye redio yetu ndogo ya betri, wimbo ulikuwa unaanza tu, ghafla. Lakini wakati wa matanga, jirani yetu mwalimu alileta redio yake kubwa yenye spika za mbao, akaweka kaseti ile. Kabla ya neno la kwanza, tukamsikia Mwikali akivuta pumzi. Sisi wanakwaya, vikombe vya chai bado mkononi, tukaingia naye bila kuambiana.

Kwa hivyo mteja akija, mwambie asikilize kabla wimbo haujaanza.

Siku ile ya matanga, wimbo ulipoisha, mwalimu alinyoosha mkono ili azime. Mama yetu akaushika.

"Wacha kwanza," akamwambia. "Bado anapumua."

Ni mimi nyanya yako,
Syombua