Kinywa cha Bi Mkubwa

Machi 4

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za shangazi yako. Namshukuru Mungu, naamka na cherehani inazunguka. Hujambo huko chuo cha uuguzi? Sindano unazichoma vizuri, au wagonjwa wakikuona wanapona wenyewe kwa woga?

Samaki wako wa urembo wamo kwenye tangi lao la kioo, ila kukua kwao ni mwendo wa kinyonga. Mwaka na nusu tangu uniachie, bado hawajafika kidole changu cha shahada. Fundi viatu wa jirani anauliza nitawakaanga lini. Nimemwambia aanze kujikaanga yeye.

Lakini nina hofu. Yule jike uliyemwita Bi Mkubwa leo siku ya tisa hali kitu. Koo limemvimba, amejibanza nyuma ya jiwe, mdomo kaubana kama mwenye siri. Uvimbe wa koo mimi naujua, ndio uliomchukua bibi yako. Nijibu upesi nifanye nini. Hata mimi siku hizi chakula kikavu hakipiti mpaka nisukumie na maji. Hofu tu hiyo.

Shangazi yako

Machi 11

Mwanangu,

Natumai u mzima. Jibu sijaliona, nami nilishindwa kungoja.

Juzi baada ya sala nilimtoa Bi Mkubwa kwa chujio la chai, nikamtia kwenye beseni la maji ya chumvi, nikambonyeza koo taratibu kwa kidole gumba. Mwanangu! Vikamtoka vidude vya njano vyenye mikia, vinatikisika, labda ishirini. Minyoo! Mwili wote ulinisisimka. Nikavimwaga mtaroni na kuvifuatishia maji ya moto. Jana Bi Mkubwa kala kwa pupa. Nimetoa shukrani kwa Mungu.

Daktari wa samaki, shangazi yako

Machi 19

Shikamoo shangazi,

Mimi mzima. Barua zako zote mbili nimezikuta leo, tulikuwa kwenye mazoezi hospitali ya mbali.

Shangazi, ile haikuwa minyoo. Walikuwa watoto wake. Samaki hawa hulea mdomoni. Mama hukaa wiki tatu bila kula, mpaka watoto waweze kuogelea. Kosa ni langu, sikukuambia. Usilie sana.

Lakini si samaki aliyenitisha. Chakula hakipiti tangu lini? Simama mbele ya kioo, inua kidevu, meza mate. Ukiona kivimbe kinapanda na kushuka shingoni, nenda hospitali kesho yake. Si duka la dawa. Hospitali. Nijibu, nakuomba.

Mwanao

Aprili 22

Mwanangu,

Salamu, na samahani kwa kunyamaza mwezi mzima. Nilikuwa naogopa hata kushika kalamu.

Kipo. Nacho nakijua tangu mwaka jana. Kola ya gauni langu la ibada nimeitanua mara mbili, nikijiambia nanenepa. Shingo za watu nazipima kwa futi kutwa, yangu nikaifunga shela. Barua yako niliificha chini ya cherehani. Kisha nikawa nawaona wale watoto mtaroni kila nikifumba macho. Uvimbe wa samaki sikuungoja hata mwezi, wangu nimeulea mwaka.

Nimekwenda. Watanipasua Jumatatu. Daktari hakusema ni kitu gani, alisema "tutaona". Neno hilo halinitoki masikioni.

Bi Mkubwa kabana mdomo tena, siku ya tatu. Fundi viatu nimemwachia ufunguo na maneno matatu: lisha, tazama, usiguse. Naogopa, mwanangu. Naomba hadi maneno yananiishia.

Shangazi yako

Mei 6

Shikamoo shangazi,

Mbona kimya? Jumatatu imepita, na nyingine nayo. Niliomba ruhusa nije, nikanyimwa, tuko kwenye mitihani. Karani akipita na barua mkononi, namkimbilia kabla hajataja jina. Niandikie hata neno moja. Au mwambie fundi viatu aandike, hata kama anaandika kama anavyoshona.

Mwanao

Mei 14

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimo nyumbani, hai. Shingo imefungwa bendeji kama zawadi. Daktari amenikataza kuongea, na fundi viatu anasema hii ndiyo wiki bora ya ujirani wetu.

Kipande walichokata wamekipeleka kupimwa. Majibu bado wiki mbili. Sitakudanganya, bado naogopa. Kiti changu nimekisogeza mbele ya tangi, kwa sababu jana asubuhi Bi Mkubwa alitoka nyuma ya jiwe, akafungua kinywa, watoto wakamtoka mmoja mmoja. Nimehesabu kumi na saba. Nilipogonga kioo kwa bahati mbaya, wote wakarudi mdomoni mbio, akafunga. Leo kawaachia tena.

Ni wadogo kama ncha ya sindano yangu. Niandikie: watachukua muda gani kufika kidole changu cha shahada? Usinipunguzie. Taja miaka yote.

Shangazi yako