Mguu Wenye Hina

Pangani, Kibaha
4 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za Chole, habari za ng'ombe, na wewe mwenyewe umeamkaje? Mimi mzima, kazi inaendelea, ila mawazo yangu yako kwenye mguu wako.

Kwa kuwa simu yako ng'ombe aliikanyaga na hutaki nyingine, barua zangu atakuletea Twalibu kila anapokuja kuchukua maziwa. Leo amebeba na kiboksi cha barafu. Ndani mna zile plasta ambazo Dokta Eugenia alikuonyesha hapa kliniki kwetu, ukakubali kuwa mmoja wa wagonjwa wanaozijaribu. Nakukumbusha maelezo, maana siku ile ulikuwa unatazama mlango kuliko ulivyomtazama dokta.

Plasta ina dawa ya protini inayoiamsha nyama ya kidonda iote upya. Upande wa ndani kuna visindano vidogo mno, huvioni wala havikuumizi. Osha mguu kwa maji yaliyochemshwa, bandika pembeni mwa kidonda, kwenye ngozi nzima, kaa nayo siku tatu, ndipo ubadilishe. Usipulizie ile dawa ya zambarau ya ng'ombe. Usivae katambuga zako za matairi. Na vidonge vya sukari umeze.

Baba, kidonda cha mtu mwenye sukari si cha kuchezea. Kikifika kwenye mfupa, watakata.

Mwanao,
Holo


Chole, Kisarawe
9 Machi 2025

Kwako mama, uliyebeba jina la mama yangu,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, mvua inatutegatega, mtamba mwekundu ana mimba. Natumaini na wewe u mzima na unakula, maana mara ya mwisho nilikuona umekonda.

Mzigo nimeupata. Ila kuhusu hiyo protini, ninyi watu wa kliniki mnanichekesha. Mimi nimekulia kwenye protini. Kila asubuhi nachuchumaa, nakamua protini ndoo nzima. Kwa hiyo nikaona nisiharibu vitu vya wenyewe, nikakimwagia kidonda maziwa ya motomoto kutoka kwa ng'ombe. Nzi walifurahi sana.

Kesho yake nikabandika plasta. Visindano sikuviona, nikamwita Hajira, mke wa jirani yangu Mwishehe, naye hakuviona. Tukakubaliana kwamba mmesahau kuviweka. Lakini ilipokaa, ngozi ilinitekenya kama imelambwa na ndama, kwa hiyo labda vipo.

Mwishehe akaniuliza dawa inafanya nini. Nikamwambia kama ulivyosema: inaotesha. Akapapasa kipara chake. Unamjua Mwishehe, ndiye aliyehangaika porini na mimi ndama alipopotea. Nikashindwa kumnyima. Amebandika mbili, moja mbele, moja nyuma, na baraghashia juu. Hajira hajui.

Mguu unaendelea vizuri. Usijisumbue kuja.

Baba yako,
Mahona


Pangani, Kibaha
12 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Akili bado natafuta ilikokwenda tangu nisome barua yako.

Protini ukiinywa, tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama ya kuchoma, haifiki mguuni ikiwa dawa. Ukiimwaga juu, ngozi inaikatalia nje. Ngozi ni boma la zizi, baba, imejengwa ili vitu visiingie ovyo. Visindano vinatoboa vijitundu kwenye boma, dawa inapita, kisha vitundu vinajiziba. Ndiyo kazi yake yote. Maziwa hayana njia, na bakteria watayapenda kama nzi wako walivyoyapenda.

Humo hamna dawa ya nywele. Mwambie baba Mwishehe azibandue, mimi namheshimu sana, lakini azibandue leo. Zilizobaki zote ziende mguuni. Kisha Hajira akipanda kilimani kutafuta mtandao, anitumie picha ya mguu niione mwenyewe.

Mwanao,
Holo


Pangani, Kibaha
21 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. U mzima kweli?

Picha imefika. Mguu mzuri, laini, hauna hata mkwaruzo. Nikamkimbilia Dokta Eugenia nayo, nikipiga vigelegele ukumbini. Akavaa miwani, akaitazama, akatabasamu. Kisha akaniuliza, "Mzee Mahona ameanza kupaka hina lini?"

Nasubiri jibu lako.

Holo


Chole, Kisarawe
24 Machi 2025

Mama,

Salamu nyingi. Hina hatukuiona. Mwanzoni tulitaka kupiga picha mguu wa Mwishehe, lakini una magaga, tukasema utatiliwa shaka. Hajira alikubali tupige wake baada ya kumbembeleza sana, akisema mtoto wako si mjinga. Sasa ananicheka.

Haya, ukweli. Plasta zimekwisha. Mwishehe alirudi kuomba za pembeni mwa masikio. Mimi nilibandika chache, pale zilipokaa palianza kuwa pekundu, pazuri, nikajiona nimepona, nikavaa katambuga nikaenda malishoni hadi karibu na Ruvu. Sasa kidonda kimezama. Kidole kidogo kimekuwa cheusi. Mguu unanuka, mama. Jana nilikaa na wenzangu gulioni, mmoja baada ya mwingine akakumbuka ana safari.

Naogopa. Lakini kuja kulala Kibaha hapana. Ng'ombe nitamwachia nani?

Baba yako,
Mahona


Pangani, Kibaha
25 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Ng'ombe utaniachia mimi. Nimeomba likizo, nimepewa.

Kesho nakuja na gari. Wewe unapanda, mimi nashuka. Dokta Eugenia alikasirika, ila amekubali upewe plasta nyingine kwa sharti moja: ulazwe, ubandikwe na nesi, asiziguse mtu mwingine. Kidole amesema huenda hakitapona. Mguu bado tunaweza kuuwahi.

Ukijificha porini, nitamweleza Hajira kilichoko chini ya baraghashia.

Mwanao,
Holo


Wodini, Kibaha
10 Aprili 2025

Kwako mama,

Hujambo huko kwangu? Ng'ombe hawajambo? Mtamba mwekundu unampa pumba? Mimi huku nakula, nalala, nasemeshwa kama mtoto.

Kidole wamekitoa. Sikujua mtu anaweza kukililia kidole, lakini nililia, kisha nikaomba uji. Nesi wangu anaitwa Faudhia, hana mchezo. Akija kubandika plasta ananishika kifundo kama anakamata kuku. Safari hii nimezingatia, na nyama inaota, mama. Nimeiona mwenyewe kwenye kioo cha Faudhia, nyekundu kama ulimi wa ndama.

Kuna mzee Silas kitanda cha jirani, ametoka Mlandizi, naye ana sukari. Nilimkuta anataka kuifungua plasta yake ailambe. Nikamwambia, "We mzee, tumbo litaisaga! Ngozi ni boma la zizi!" Nikamfafanulia vizuri mpaka akaomba msamaha. Dokta alikuwa mlangoni anasikiliza. Sasa akija mgonjwa mpya, ananiita mimi nimweleze. Faudhia anadai nimeanza kumsahihisha hata yeye.

Usisahau pumba.

Baba yako,
Mahona


Chole, Kisarawe
17 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo, na pole ya kidole. Niliposoma kwamba uliomba uji, nilicheka na kulia kwa pamoja, Hajira akadhani nimepatwa.

Mimi mzima, ila nimeburuzwa na dume kupita shamba la mihogo la watu. Nimekamua, nimepigwa teke, nimekamua tena. Mtamba mwekundu amezaa jike, na anapata pumba kuliko ninavyopata mimi wali. Sasa ng'ombe wote wananifuata hadi mlangoni.

Mwishehe amegundulika. Alivua baraghashia kujipepea, kichwa kina mabaka ya mraba, mekundu, yanawasha. Hajira alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akamwambia, "Mimi nilikipenda hicho hicho kipara, nani alikutuma?" Nimempa mafuta ya kupaka, yamepoa. Tangu siku hiyo mzee anatembea kichwa wazi kijijini kote, anatabasamu mwenyewe.

Baba, nikuulize. Hawa ng'ombe hata mimi nimewaweza, na Mwishehe angewaweza zaidi. Tangu mwanzo ungeweza kuja. Ulikuwa unakataa nini?

Mwanao,
Holo


Wodini, Kibaha
3 Mei 2025

Mama yangu Holo,

Salamu kwako, kwa Mwishehe na Hajira, na kwa huyo ndama mgeni. Kidonda kimefunga. Dokta amekipima, amekipiga picha, safari hii mguu wangu, na Jumamosi ijayo ananiruhusu. Nitakuwa nakuja kliniki kila mwezi na sitakuletea ubishi.

Umeuliza nilikuwa nakataa nini. Ulidhani ni ng'ombe, na mimi nikakuacha udhani. Ni jengo la pili, mama. Wodi ya wanawake. Tangu tulipomtoa marehemu mama yako pale, sikutaka tena hata kupita barabara hii. Niliingia naye anatembea, nikatoka namfuata amebebwa. Nikasema mimi nikiumwa, nitaumwa nyumbani kwangu.

Jana Faudhia alinipa viatu vya wazi, laini, akaniambia nifanye mazoezi uani. Nikatembea. Mguu ukanipeleka hadi kwenye dirisha la mwisho la wodi ile. Kwenye kitanda alicholalia mama yako alikuwa amelala mama mwingine, anamenya chungwa. Akaniona nimesimama, akaniuliza, "Baba, unamtafuta nani?"

Nikamwambia, "Simtafuti mtu. Najaribu mguu."

Akanitazama chini, akasema, "Mbona unatembea vizuri tu."

Nikamshukuru. Nikamwambia Asteria kimoyomoyo kwamba mtoto wetu ndiye aliyenileta, nikasimama pale mpaka yule mama akanipa kipande cha chungwa kupitia nondo za dirisha. Nikala nikiwa nimesimama. Halafu nikarudi taratibu, bila kushika ukuta.

Baba yako,
Mahona