Safari ya Rumonge Niliyokuachia

Mwalimu,

Nimekuja kukaa kwenye chumba cha plasta kwa sababu mchana huu hakuna mtu. Wagonjwa wamekula, wauguzi wamejinyoosha kidogo, na meza yako ya bati ina nafasi ya karatasi. Ni mimi, Odette. Barua hii nimeianza mara nne. Kila mara nilianza na habari za hospitali, nikajaza ukurasa, nikauchana, maana nilikuwa nakuzungusha tu. Leo nitalisema. Ila habari nitakupa kwanza, kwa sababu najua ungeziuliza.

Barabara ya kusini imefunguka. Mabasi yanaenda na kurudi siku ileile, na abiria wanasinzia njiani kama watu wa nchi nyingine. Bandarini meli zinashusha tena mizigo ya Kigoma, na plasta inafika, kwa hiyo hatulazimiki tena kuamua nani afungwe plasta na nani afungwe vibao. Muuguzi Bernadeta amestaafu. Alilia siku ya kuaga, yeye aliyekuwa anatukaripia sisi tukilia. Baba yangu bado anachonga fremu zetu za kuvutia mapaja yaliyovunjika kwenye karakana yake kule Cibitoke. Mkono wa kulia unamtetemeka siku hizi, lakini akisikia natafuta seremala mwingine, ananuna wiki nzima.

Na nina madaktari wawili wachanga wa kufundisha. Mimi. Ungecheka.

Nimewafanyia ulichonifanyia. Nilikuja kwako nimetoka kitivo cha udaktari, koti jeupe limepigwa pasi, nikiamini asubuhi ile utanipa kisu. Ukanitazama juu ya miwani ukasema, "Apana. Leo we utalala." Ukanilaza kwenye kitanda cha wodi, ukanifunga mguu, ukaning'iniza dumu la mchanga kwa kamba upande wa chini, kama mgonjwa yeyote aliyevunjika paja. Ukaenda zako. Nililala pale tangu asubuhi mpaka jioni, wagonjwa wa kweli wakinichungulia na kucheka. Niliita nipewe chombo cha kujisaidia, sikusikiwa. Nzi alitua usoni, na mikono nilikuwa nayo, lakini nilishachoka hata kumfukuza. Jioni ulirudi, ukauliza, "Nini ilikuumiza mbele ya vyote?" Nikajibu kisigino. Ukasema, "Basi kila asubuhi, mbele ya kusoma karatasi ya mutu, shika kisigino yake." Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya upasuaji wa mifupa, na sikugusa hata mkasi.

Miaka ile ya vita wenzako wote walikuwa wameondoka. Huyu Nairobi, huyu Ubelgiji. Wewe ulikuwa na ndugu Muscat wanaokupigia simu kila Ijumaa, na duka la vitambaa la baba yako lilishafungwa, na bado ukawa unatoka nyumbani kwako Kibenga kila siku na gari lile lililotobolewa kioo, unakuja kuunga mifupa. Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Niliona aibu kuuliza, maana mimi mwenyewe nilikuwa na fomu za kuomba kuondoka kwenye mkoba wangu.

Kilichonizuia ni daftari zako.

Kwenye mkutano wa madaktari mtu alisoma taarifa: wagonjwa wengi wa paja wamepona, matokeo ni mazuri. Ulisimama, wewe usiyependa kusimama. Ukasema, "Mutu anatoka hapa na gongo, harudi kontroli kuangaliwa, na sisi tunaandika amepona. Nani alitwambia amepona?" Kesho yake ukanunua daftari za shule na tukaanza kuwatafuta. Jina, mtaa, jina la jirani. Tulipanda baiskeli, tuliuliza kanisani, msikitini, sokoni. Tulimkuta mama mmoja anayetambaa ndani ya nyumba yake, ambaye kwenye karatasi zetu alikuwa mzima. Tulimkuta mwalimu wa shule anayecheza mpira, ambaye kwenye karatasi zetu alikuwa hana matumaini. Uliandika wote wawili kwa mwandiko uleule mdogo. Ukasema hilo ndilo somo, kwamba kumbe hatukuwa tunajua kitu.

Mgonjwa akikuuliza kama atatembea, hukumwahidi. Wengine walikuona mkavu. Mimi nilikuona ukishindwa kula mchana wa siku hizo.

Sasa nafika.

Unamkumbuka Kabura, yule mpakuaji mizigo wa bandarini. Kreti iliteleza ikamwangukia, mfupa wa mguu ukatokeza nje ya ngozi. Siku mbili hizo ulikuwa umefungiwa Kibenga, risasi zinalia barabarani, na wodi nilikuwa nayo mimi. Ulishanifundisha. Kidonda cha mfupa kinaoshwa, kinaachwa wazi, kinaoshwa tena, na baada ya siku kadhaa kikiwa safi ndipo kinashonwa. Nilijua. Lakini Kabura alinishika koti akasema, "Dogiteri, usiniache hivi wazi kama nyama ya sokoni." Na mimi nilitaka urudi ukute kazi safi. Nikaosha haraka, nikashona. Nilishona vizuri sana, Mwalimu. Ndiyo mishono mizuri kuliko yote niliyowahi kushona.

Ulipofika, ulisimama mlangoni tu, hukuhitaji kusogea. Harufu ilikwambia.

Tulimkata mguu chini ya goti asubuhi hiyohiyo. Hukunifokea. Ulishika msumeno mwenyewe, mimi nikashika mguu, na mguu huo ulipobaki mikononi mwangu ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Baada ya kunawa ulileta daftari, ukanipa kalamu. Nilidhani utaniambia niandike kwamba mgonjwa alichelewa kufika. Wengi wangeandika hivyo, na vita ingebeba lawama kama ilivyobeba nyingine. Ulisema neno moja tu, "Andika." Nikaandika kwamba jeraha lilifungwa mapema mno, na aliyelifunga ni mimi, nikasaini. Ukachukua kalamu, ukaandika chini yake: *Mwalimu wake hakuhakikisha ameelewa.* Ukasaini jina lako lote.

Kisha ukasema, "Na Kabura utamwambia we mwenyewe."

Nilimwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. Siku zote zilizobaki hakunisemesha, hata nikimwosha kidonda. Mara tu alipoweza kukaa, kaka yake alikuja akambeba mgongoni mpaka kwenye gari la mawese, wakarudi kwao upande wa Rumonge. Hakuwa na magongo yanayomfaa. Kidonda kilikuwa hakijafunga vizuri.

Ukamwambia baba yangu atengeneze magongo, na ukaniambia mimi, "Jumamosi barabara ikiwa nzuri, utamupelekea. Uangalie kigutu ya mguu."

Jumamosi ile nilimtuma dada yangu aje kukuambia nina homa.

Sikuwa na homa, Mwalimu. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda changu, nimevaa, viatu miguuni. Nilimwogopa Kabura. Nilimwogopa kuliko barabara. Niliuona ule mgongo wake umegeukia ukuta, nikashindwa kusimama.

Ukaenda wewe. Ulipanda basi na magongo ya baba yangu, na basi likapigwa risasi kwenye kona za ziwani kabla hata halijafika nusu ya njia. Waliorudi walisema hukufa papo hapo. Walisema ulikuwa unamwelekeza kijana mmoja jinsi ya kubana paja la mwanamke aliyekuwa anavuja damu, wewe mwenyewe umekaa kwenye majani umejishika tumbo. Mwanamke yule yuko hai. Nilimtafuta, niliona kovu.

Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Watu waliniletea pole kama mwanao. Kwenye maziko nilikaa na wanawake ndani ya nyumba yako Kibenga, nimefunga kitambaa kichwani, na mkeo Mama Samira alinishika mkono muda wote. Akanipa daftari zako kwa mkono wake. Mimi. Nilizipokea.

Sikwenda kazini wiki nzima. Baba yangu hakuuliza neno. Siku ya nane aliingia chumbani, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Wagonjwa wamening'inia kwenye fremu zangu na hakuna mutu wa kuwashusha." Nikaamka. Sikurudi kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu nilijua kisigino kinavyochoma.

Fomu za kuondoka nilizichoma mwezi uliofuata. Daftari nikaziendeleza, wagonjwa wa mjini kwanza. Ukurasa wa Kabura niliupita kila mara nikifungua, nikijiambia barabara bado mbaya. Kisha barabara ikawa nzuri na sikuwa na la kujiambia.

Nilikwenda miezi mitatu iliyopita. Nilishukia Rumonge, nikauliza, nikapanda kilima kwa miguu kupita kwenye michikichi. Nilimkuta amekaa chini anachambua chikichi, gongo la mti wa porini pembeni. Alikuwa amekonda. Alinitambua kabla sijafika. Nilibaki nimesimama, nikamwambia yote. Nikamwambia Dogiteri Haruni alikufa akija kwake, na kwamba aliyepaswa kuja ni mimi, na kwamba nilidanganya.

Alikuwa amesikia daktari mmoja amekufa barabarani. Hakujua alikuwa anakwenda wapi.

Mikono yake ilitulia juu ya chikichi. Kisha akauliza, "Alikuwa na watoto?" Nikasema binti mmoja. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mi nilikuwa na hasira na we. Ingali iko, sitakuficha. Lakini kama umefika, angalia hii mguu." Akafungua kitambaa.

Mfupa ulikuwa umesukuma ngozi mpaka karibu kuitoboa, na kidonda kidogo hakijawahi kufunga miaka yote hiyo. Miaka yote, Mwalimu. Kwenye karatasi za hospitali alikuwa ameandikwa: ameondoka katika hali nzuri.

Nilimleta Bujumbura. Nilimpasua upya, nikaufupisha mfupa, nikaulaza msuli juu yake, na kidonda nikakiacha wazi siku tano kabla ya kukifunga. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza kama nitashona leo, na kila asubuhi nilimjibu bado, na mara ya tatu alitabasamu kidogo, au labda nilitaka kuona hivyo. Sasa kigutu kimekauka. Wiki iliyopita alisimama kwenye mguu wa bandia kati ya vyuma viwili, akapiga hatua, akaanguka, akatukana kwa Kirundi, akasimama tena. Sisemi amepona. Kusimama, anasimama.

Siku hiyo jioni jua halijazama nilikwenda Kibenga kwa Mama Samira. Niliona siwezi tena kunywa chai yake bila kumwambia. Nilipiga magoti sebuleni nikamwambia kuhusu homa.

Nilidhani atanifukuza. Kisha akaniambia, "Mwanangu, tulijua." Akasema dada yangu ni mbaya wa kudanganya, kwamba alipoleta ujumbe ulicheka kidogo. Akasema ulikuwa unafunga viatu, yeye akakuuliza kwa nini usingoje mpaka nipate moyo. Na wewe ukamjibu, "Odette anaogopa. Hata mi niliogopa mugonjwa wangu wa kwanza hivyo. Kidonda haiwezi kungoja. Leo nitatangulia, safari ingine nitaenda naye."

Amelikalia neno hilo muda wote huu, Mwalimu. Akaniambia alitaka nilisikie siku nitakayokuja mwenyewe, na siku nyingine alikuwa na uchungu na mimi, asingeweza kunipa. Alilia. Nililia. Samira aliingia na sinia ya chai, akatuona, akairudisha jikoni.

Sijui nifanye nini na neno lako. Nilitaka adhabu, na wewe umeniachia hilo. Bado linaniuma, pengine kuliko kama ungenikasirikia.

Kesho kutwa nasimama mbele ya madaktari wa kitivo kusoma kazi yetu ya daftari. Wamenishauri, kwa wema, niuache ukurasa wa Kabura, kwamba mgonjwa mmoja habadilishi matokeo. Nitausoma wote, saini zote mbili. Wale vijana wangu watakaa mbele, nao wasikie jinsi daktari wao alivyomkata mtu mguu kwa kutaka kusifiwa.

Sisi tunasali tofauti, lakini Mama Samira amenifundisha maneno mawili matatu ya kukuombea, na nimeyasema vibaya kaburini kwako. Utanisamehe matamshi.

Pumzika sasa. Kengele ya saa nane imelia, lazima nipite wodini. Ninachokuahidi ni hiki, na nimekifikiria sana: mahali ninapoogopa kwenda, sitamtuma mtu mwingine. Nitakwenda kwa miguu yangu, hata nikitetemeka, na nikifika nitabisha hodi.

Mwanafunzi wako,
Odette