Kompyuta Imegoma Wiki ya Jubilii

Jumatatu, 11 Julai 2011

Imekataa. Nimebonyeza kitufe — kimya. Nimebonyeza tena — kimya. Hakuna taa, feni haivumi, hakuna chochote. Nimebonyeza mpaka kidole kikauma, halafu nikaipiga kofi ubavuni kama punda. Wapi!

Na kijitabu cha jubilii kimo humo ndani! Kurasa zote. Historia ya chama cha kina mama kanisani tangu kianze, picha za waanzilishi, maisha ya kila mmoja wao. Mama mkwe alinisimulia kwa Kiembu, mimi nikageuza kwa Kiswahili, tukibishana karibu kila mstari. Jumapili ndiyo sherehe. Ijumaa natakiwa niwe kwa mpiga chapa mjini Embu. Nakala nyingine sina. Najua, najua! Riungu aliniambia kitambo, weka kwa flashi. Nikawa nasema kesho.

Nimechomeka redio kwenye soketi ileile — imeimba. Nimechomeka pasi — imepata moto. Kwa hivyo stima iko. Ni huyu mmoja tu aliyegoma.

Mama mkwe amekuja akasimama mlangoni. Huwa haingii chumba hiki. Tangu niolewe na Kivuti, kwake hapa ni kama ofisi ya chifu, mtu huingia akiitwa. Akauliza kama ni kweli imekufa. Nikasema sijui. Akasema labda ni hii baridi ya Julai, akaenda, akarudi na blanketi lake la mistari, akaifunika.

Blanketi lenyewe lile la wageni! Mimi niliugua homa mwezi wa tano, sikuliona.

Jumanne, 12 Julai

Asubuhi nimempigia ndugu yangu Riungu. Ana saiba yake, duka la intaneti, kule Nchiru, wanafunzi wa chuo wamejaa humo kutwa. Kwanza alicheka.

"Sista, umeangalia kama imechomekwa?"

Nikamwambia asinitusi.

"Sikutusi. Angalia nyuma."

Nikaangalia nyuma. Waya ulikuwa umelegea, unaning'inia kama jino la mtoto! Nikausukuma ndani, nikabonyeza — bado kimya. Riungu akasema basi ni pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea stima. Niinuse. Ikinuka plastiki iliyoungua, imekwenda.

Nikapiga magoti, nikanusa kompyuta. Mama akanikuta hivyo, pua kwenye matundu. Hakucheka. Aliuliza tu, "Imeoza?"

Nikasema nasikia harufu ya kuungua. Akabadilika uso. Kabla sijainuka alikuwa amevaa gambuti, anaenda sokoni kumwita Misheck — kwenye manyunyu, na majani chai yamekomaa shambani yakingoja! Mama huyu ambaye hakosi siku ya kuchuma hata akiwa na mafua. Nikasema moyoni, kumbe kijitabu anakipenda hivi.

Misheck hutengeneza redio na tochi. Kompyuta, alisema, ni redio iliyosoma tu. Akafungua ubavu wake. Jamani! Vumbi, manyoya ya kuku, maganda ya mahindi, na buibui mnene na jamaa yake yote. Misheck akajaza mashavu, akapuliza. Tukakohoa wote watatu. Akatangaza kwamba amemaliza, buibui ndiye aliyekuwa anazuia stima.

Nikabonyeza. Kimya.

Akanusa na yeye, akafikiri, akasema sasa anaona ni pawa saplai. Kama vile si mimi niliyemwambia!

Jioni simu ya Marcella, mwenyekiti wa kina mama. Kijitabu kimefika wapi? Nikasema kiko jikoni, kinaiva. Akanikumbusha kwamba mpwa wake ana ofisi ya kuchapa pale Manyatta, kompyuta zake hazijui kuugua. Huyu tangu mwanzo alikuwa akiwauliza watu, mtu wa Meru ataandikaje mambo ya Waembu? Mbele yangu aliuliza! Mama ndiye aliyemjibu siku hiyo, eti mwandishi hachaguliwi kama bibi arusi. Sikujua kama nimetetewa au nimetukanwa.

Jumatano, 13 Julai

Nimekwenda Embu mjini, nimerudi na pawa saplai iliyotumika. Mama alikuwa ananingojea barabarani na mwavuli. Akaichukua, akaiweka kwenye kiondo, akatembea nayo taratibu kama amebeba mayai.

Misheck akaja na bisibisi zake. Riungu tukamweka kwenye simu, spika juu. Wakaanza. Riungu anasema anza na waya mkubwa mweupe. Misheck anasema hapa Kianjokoma hatuanzi na mkubwa. Riungu anauliza huyo fundi amesomea wapi. Misheck anauliza huyo ndugu yako ana miaka mingapi. Mama akaichukua simu, akawaambia kwa Kiswahili cha kanisani, "Wanangu, pendaneni, na mfunge waya."

Wakafunga waya.

Nikabonyeza — taa! Feni ikavuma! Nikaruka. Halafu: piii, piii, piii. Skrini nyeusi tii.

"Inalia!" Mama akashika kifua. "Ina njaa?"

Riungu akasema hapana, huo mlio ndio ugonjwa wenyewe, inasema memori haikai sawa. Nitoe kile kibao chembamba, nikisugue meno yake ya dhahabu kwa raba ya shule, nikirudishe. Raba! Nyumba haina mtoto, raba itoke wapi? Mama akatoka mbio. Mbio kweli, leso inapepea, mpaka kwa jirani, akarudi na raba yenye umbo la ndizi, imeng'atwa pembeni.

Nikasugua. Nikarudisha. Nikabonyeza.

Ikaamka!

Skrini ikawa ya bluu, tukapiga makofi. Saa yake imepotea, inasema ni Januari mosi, 2002. Nikamtafsiria Mama. Akasema vizuri, basi magoti yake hayajaanza kuuma.

Na hapo ndipo lilipotokea. Mimi nilikuwa nageuka kumwambia Riungu asante. Nikasikia kiti changu kikilia. Mama amekaa! Ameshika mausi — hakuishika kama mtu anayejaribu, aliishika kama mtu anayeshika jembe lake mwenyewe. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, bila kutafuta. Karata zikajipanga kwenye skrini, nyekundu na nyeusi.

Karata. Mama. Mwekahazina wa kina mama, aliyeokoka kabla sijazaliwa.

Mkono wake ukasimama. Nafikiri ndipo alipokumbuka kwamba tuko naye chumbani. Misheck alikuwa anatazama dari kwa bidii sana. Riungu kwenye simu, "Halo? Imewaka? Halo?"

Kompyuta ikajizima yenyewe. Puu.

Tumekula ugali wa jioni kila mtu akiangalia sahani yake.

Alhamisi, 14 Julai

Tumechuma majani pamoja asubuhi, yeye mstari wake, mimi wangu. Ukungu mzito. Alianza kuongea bila kunitazama.

"Mimi ndiye nimeiua."

Nikaendelea kuchuma.

Alisema alimwona Kivuti akicheza alipokuja nyumbani Krismasi. Akaangalia tu, kwa nyuma, akajifunza. Basi kila nikienda kupima majani kituoni, yeye huingia. Huiwasha, hucheza. Akisikia lango, na hajui kuizima, huchomoa waya ukutani, akatoka haraka.

"Kila mara, Mama?"

"Kila mara."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki! Kazi yangu yote, jina langu kwa Marcella, usingizi wangu. Nilikuwa hata nimepanga maneno. Anasemaga sisi Wameru tuna moto kichwani, nikasema leo atauona.

Lakini aliendelea. Alisema zamani, kabla ya kuokoka, yeye na baba yake Kivuti walikuwa na pakiti moja ya karata. Mvua ikinyesha wanacheza kando ya moto. Mtu wa kanisa akibisha hodi, wanazificha kwenye ghala, chini ya mahindi. Baba Kivuti alikuwa akimwibia mchezoni, naye alikuwa anajua, anamwacha. Halafu wakaokoka wote wawili siku moja, wakazichoma. Miaka yote hiyo hakuona karata tena.

"Halafu naangalia kwa meza yako, namwona yule malkia mwekundu. Ana uso uleule. Hajazeeka."

Akafuta uso kwa mkono wenye utomvu. Ukungu, alisema.

Maneno yangu niliyopanga yalipotelea kwenye majani. Nikauliza kitu cha kijinga tu, kilichokuja mdomoni:

"Na ukicheza, huwa unashinda?"

"Ningeshinda saa ngapi? Sijawahi kumaliza hata mmoja. Kila mara wewe unarudi!"

Nimecheka mpaka kikapu kikainama, majani yakamwagika. Yeye akakaza uso, akakaza, akashindwa. Tumechekea shambani kama wasichana. Jirani akapaza sauti kuuliza kuna nini huko. Mama akajibu ni nyoka.

Mchana tukarudi kazini. Inawaka, lakini haikai, baada ya muda mfupi inajizima. Riungu akasema imepata joto. Feni ndogo ya juu ya ubongo wake imekwama, tutoe kijitabu kwanza, tutengeneze baadaye. Na je, hatukuifunika na kitu? Nikamtazama Mama. Mama akalikunja blanketi lake polepole.

Basi Mama akaleta ungo. Akasimama ubavuni kwa kompyuta iliyo wazi, akapepea, kama anapepeta maharagwe. Mimi kwenye kibodi. Mara ya kwanza ikazima kabla hata sijafungua faili. Tukangoja ipoe. Mara ya pili nikafungua — kiko! Kijitabu chote! Picha ya nyanya yake Kivuti amevaa skafu nyeupe, kila kitu. Nikachomeka flashi. Mama anapepea. Ule mstari wa kijani unatambaa.

"Imefika?"

"Bado, Mama. Pepea."

"Mkono unakufa."

"Pepea!"

Sijawahi kumfokea. Akapepea. Mstari ukajaa. Nikachomoa flashi, nikainua juu, na kompyuta ikafa papo hapo, puu. Tukakumbatiana — halafu tukaachana haraka, kama watu waliogusa waya.

Ijumaa, 15 Julai

Kijitabu kiko kwa mpiga chapa. Kesho mchana nakichukua.

Misheck amechomoa manyoya ya kuku kwenye feni ndogo kwa koleo langu dogo la kung'olea nyusi. Sasa haijizimi. Soko lote linajua kwamba Misheck amefufua kompyuta ya mke wa Kivuti. Sawa, na ajisifu. Nilimwita kando nikamwambia, yale uliyoona Jumatano hukuyaona. Akasema hakuona kitu, yeye aliangalia dari, na kwa hakika dari yetu inataka rangi.

Jumamosi, 16 Julai

Naandika haya nimesimama, kwenye korido.

Nimerudi na vijitabu. Boksi zima, vinanuka wino. Nimempa Mama cha kwanza, akafungua ukurasa wa mama yake mzazi, akausoma, akaufunga, akaniuliza kama nimekula. Halafu akaingia chumbani kwangu bila kuitwa. Akasema leo mimi sina haja ya kurudi kutoka popote, kwa hivyo atamaliza. Akafunga mlango.

Na Marcella huyo! Bila simu! Amekuja kukagua. Nimempa chai, amekaa sebuleni anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Anatafuta kosa. Alifika ukurasa wa kati, akasema picha zimetoka vizuri. Kwa Marcella hiyo ni nishani!

Akauliza Mama yuko wapi. Nikasema anasali.

Mungu anisamehe. Lilitoka lenyewe.

Akauliza huo mlio ni nini, tak, tak. Nikasema mvua kwa bati. Marcella akatazama dirishani. Jua.

Nikamwongezea chai. Akasema Mama Kivuti anasali kwa muda mrefu siku hizi, chama kina bahati. Nikasema ndiyo, anashukuru kwa ajili ya kijitabu. Na hapo hapo, kutoka chumbani — vigelegele! Mama amepiga vigelegele, vile vya arusi, mpaka kuku wakatawanyika uani! Amemaliza! Nilitaka kupiga vyangu!

Marcella aliweka kikombe chini. "Roho amemshukia!" Akasimama, akavua viatu, akaanza wimbo, akaja moja kwa moja. Mimi nikafika mlangoni kwanza, nikaugeuzia mgongo. Nikasema Mama ana utaratibu wake, mtu haingii katikati. Anayetaka kuombewa, mimi namwandikia, halafu nampelekea Mama orodha. Kitabu hiki ninachoandikia kilikuwa mfukoni mwa aproni. Nikakitoa. Ningefanya nini?

Sasa Marcella anadhani ninaandika maombi yake. Anayataja polepole, nisipitwe. La kwanza ni goti. La pili ni mpwa wake — ile ofisi ya Manyatta haina wateja, msichana analia. Sikujua. Hilo nimeliandika kweli.

Nyuma yangu, tak, tak, tak. Mama ameanza mwingine.

La tatu anasema ni la siri, hataki kulisema kwa sauti. Anasogea karibu, na goti linamsumbua kusimama, kwa hivyo ameegemea mlango. Tumeuegemea wote wawili. Komeo la mlango huu halijawahi kushika vizuri.