Njia Kavu ya Kumfikia Dubu Inapita kwa Mzee Reuben

Mpendwa Bi. Orpha,

Nasoma safu yako ya ushauri gazetini kila wiki, basi nawe nisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia, maana nina furaha isiyonipa usingizi na pia nimefanya kosa. Mimi ni mpishi wa shule, nina miaka hamsini na mmoja, na mwaka huu hatimaye jina langu limetoka kwenye bahati nasibu ya vibali vya kuwinda dubu mweusi, nikapiga kelele jikoni mpaka mume wangu Eino akadhani nimejimwagia mafuta ya moto. Tangu siku hiyo meza yetu imefunikwa na ramani, kwa sababu unajua huku kaskazini mwa Minnesota ardhi ya umma imetawanyika vipande vipande, ekari arobaini hapa, kisha shamba la mtu, kisha msitu wa kampuni, kisha ekari themanini nyingine, nami nimevipaka vyote rangi ya kijani na kuvitembelea kimoja kimoja kila Jumamosi, na viwili havikuwa na kitu ila mbu, lakini cha tatu, Bi. Orpha, cha tatu kina mialoni iliyojaa mbegu, na kinyesi kibichi chenye kokwa za cheri, na mti wenye alama za kucha juu kuliko mkono wangu unapofika, nikasimama pale nikitabasamu peke yangu kama msichana anayepelekwa dansi mara ya kwanza.

Tatizo ni kwamba kipande hicho kina kinamasi pande tatu, na upande wa nne, ulio mkavu, ni shamba la mzee Reuben Stroud, nami nilipita humo bila kumwomba. Mzee Reuben aliwinda na marehemu baba yangu, Walfrid, miaka ishirini, kisha wakagombana juu ya dubu aliyejeruhiwa ambaye baba hakutaka kumfuata, hata mazikoni hakuja, na tangu hapo tukikutana dukani kila mmoja anaangalia makopo. Eino anasema, "Nenda ukamwombe, kwani akikataa utakufa?" Dada yangu Tilda anasema, "Ukimwomba atakataa, halafu atakaa mlangoni akikuvizia. Wewe pita alfajiri, yule hasikii hata honi." Msimu unaanza Septemba mosi, zimebaki wiki tatu, na akikataa nimepoteza mahali pazuri kuliko pote. Nifanye nini?

Lorna Kivela

Lorna,

Hongera. Nilikuwa nafurahi pamoja nawe mpaka kwenye ile mialoni, halafu ukanivuruga. Kupita shamba la mtu bila ruhusa si jambo la kupenyeza katikati ya sentensi, na Tilda asikushauri tena juu ya kitu chochote chenye uzio.

Umepanga vizuri sana jinsi ya kuingia. Juu ya kutoka hujaandika hata neno. Dubu dume anaweza kuzidi kilo mia, Septemba kuna joto, nyama haingoji. Utamburuta kinamasini na nani, Eino? Au utampitisha mbele ya dirisha la mzee ukitumaini amesinzia?

Nakuelewa, mlango wake unakutisha kuliko dubu. Hata hivyo nenda. Nenda mchana, bila bunduki na bila Tilda. Kwanza ukiri kwamba ulipita, ndipo uombe, na akikubali aandike kwenye karatasi. Akikataa, mshukuru, uondoke, uanze kutafuta kipande cha nne. Na ukimjeruhi mnyama, umfuate. Hilo mwambie mzee kabla hajakuuliza.

Orpha

Bi. Orpha,

Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Nilikiri nikiwa bado kwenye ngazi za mlango wa mzee. Akasema, "Nilikuona. Unatembea kwa kelele, wewe mtoto wa Walfrid." Nikamwambia dubu nitakayempiga nitamfuata mpaka nimpate. Akaingia ndani kutafuta kalamu.

Siku ya tano ya msimu dume alikuja chini ya mialoni, mkubwa, mweusi kama masizi, akitafuna bila haraka. Nilipiga mara moja. Alianguka hatua thelathini mbele, nikakaa chini nikacheka na kulia. Eino na Tilda walinisaidia kumburuta hadi mpakani, mzee akatungoja pale na trekta, kisha akamchuna huku akitusema wote kwa jinsi tunavyoshika kisu. Alipomaliza alinawa mikono, akaniuliza maombi ya vibali vya mwakani yanaanza lini.

Ana miaka themanini na moja. Nikamwambia taratibu kwamba huku wengine husubiri hata miaka saba.

"Basi andika jina langu mapema," akasema, "na lako uliweke chini yake."

Lorna